Kiingereza cha darasani kinaeleweka lakini kinasikika kama barua ya serikali. Mnazoezaje maneno ya kila siku?

Njiapanda88

Wakuu, habari za muda huu. Swali ni kwa wanaofundisha Kiingereza au wanaokitumia kila siku na wageni.

Kazi ni ya mapokezi hotelini, wageni wengi ni Waingereza na Wamarekani. Sarufi ya kidato cha nne ipo, barua inaandikika. Ila mazungumzo ya mdomo yanakuwa makavu, na wao wakiongea wenyewe kwa wenyewe nusu nzima inapita juu ya kichwa. Nina orodha ya nahau 500 niliyopakua, 80 nimeshakariri, na hakuna hata moja iliyopata pa kutumika.

Muda uliopo ni dakika 30 kwa siku, simu ya Android, na bando la kubana. Naanzia wapi, na nitajuaje kama nasonga?

FundiLugha

Mkuu, hiyo orodha iweke pembeni. Mwingereza akitazama mvua hasemi "It's raining cats and dogs", anasema "It's pouring" au "It's chucking it down". Nahau za orodha ni kama methali: mtu anayemwaga methali kila sentensi anakuwa kituko hata kwa Kiswahili. Lugha ya kila siku imejengwa kwa vipande vidogo visivyo na pambo lolote: "hang on", "it depends", "no rush", "sounds good", "fair enough", "let me check". Hivyo ndivyo utakavyovihitaji mara kumi kabla ya chakula cha mchana.

Njia ya kuvipata: kwa siku mbili tembea na karatasi mfukoni, andika kila kauli ya Kiswahili inayokutoka kazini bila kufikiri. Zitafika kama 40. Usizitafsiri. Kila moja iulize inafanya kazi gani pale inaposemwa, kisha tafuta Kiingereza kinachofanya kazi hiyo hiyo. Ukitafsiri neno utaumia, na nakuonyesha wapi.

"Karibu" yetu ina kazi nne. Mlangoni ni "Hi, come on in". Ukishukuriwa ni "You're welcome". Mmarekani mara nyingi atasema "Sure" au "No problem", Mwingereza "No worries". Kwenye chakula ni "Help yourself". Mgeni akiondoka, ile "karibu tena" ni "Hope to see you again". Ukimwambia "You're welcome" mtu ambaye hajakushukuru, anabaki kujiuliza amepewa nini.

"Pole" ndiyo inayotega wengi. "Sorry" peke yake, kwa Mwingereza au Mmarekani, mara nyingi ina harufu ya kukiri kosa. Mgeni amejikwaa kwenye ngazi: "Are you okay?" Begi lake limebaki uwanja wa ndege: "Oh no, I'm sorry to hear that." Pole na safari: "How was your trip?" Pole na kazi haina mwenzake kabisa, usihangaike kuitafuta.

"Nakuja", unayosema huku unampa mtu mgongo, ni "I'll be right back". Ukisema "I'm coming" na unaondoka, mgeni anakutazama tu. "Umepotea sana" ni "I haven't seen you in ages". "Maji ya chupa yameisha" ni "We've run out of bottled water" au kwa kifupi "We're out of bottled water". "Ngoja kwanza" ni "Hang on a second"; kwa mgeni mtu mzima, "Just a moment".

Halafu adabu. Sisi adabu tunaiweka kwenye "naomba" na kwenye ile e ya mwisho: unipatie, unisaidie. Kiingereza kinaiweka kwenye umbo la swali na maneno "could", "would" na "just". "Give me your passport, please" ni amri iliyovaa kanzu. Sema "Could I just see your passport, please?"

Vile viungo vyetu vya mazungumzo navyo vina wenzake, na watu huvisahau kwa sababu havimo kwenye vitabu vya shule. Kumbe: "Oh, I thought…". Eti: "Apparently…". Yaani: "I mean…". Ndiyo maana: "No wonder". Haya basi, unapofunga mazungumzo: "All right then". Jifunze hivi vitano kabla ya nahau yoyote. Ndivyo vinavyolainisha maongezi yakaacha kuwa swali na jibu.

Mwambao

FundiLugha kamaliza upande wa mdomo. Mimi nashika sikio, kwa sababu kupotewa na nusu ya maneno mara nyingi hakutokani na msamiati. Maneno unayajua ukiyaona kwenye karatasi, huyatambui yakiwa yamekanyagana.

Kiswahili kila silabi inapata haki yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina ubaguzi: silabi zenye mkazo zinanenepa, zilizobaki zinamezwa kuwa sauti fupi iliyolegea ambayo kwetu haipo, si a wala si e. "What are you going to do?" ni maneno sita kwenye karatasi. Hewani ni "wocha gona DU".

Sasa sikiliza hili, maana linaleta hasara ya kweli. Katika "I can do it", neno "can" linamezwa, linabaki "kn", na uzito unahamia kwenye "do". "Can't" ndiyo hutamkwa kamili. Wengi wetu tunatamka "can" kwa nguvu, "ai KEN du it", na Mmarekani, ambaye t ya mwisho wa "can't" hata yeye haitamki vizuri, anaweza kusikia kwamba huwezi. Zoeza "kn" mpaka ikae.

Tuna faida mbili pia. Ya kwanza, tumezoea konsonanti kushikana na irabu, na Kiingereza cha haraka ndivyo kinavyofanya. Andika vipande kwa silabi za Kiswahili utaona vinafunguka: "turn it off" ni te-ni-tof, "check it out" ni che-ki-taut. Mmarekani t iliyo katikati ya irabu anaigeuza kuwa karibu sawa na r yetu ya "kura", kwa hiyo "get it" ni ge-rit na "water" inakaribia wora. Mwingereza wa kusini naye r ya mwisho haitamki, "car" ni kaa tu. Tahajia hii ni ngazi ya kupandia, usikae juu yake. Ile sauti ya kumezwa haina herufi kwetu, lazima sikio liijue lenyewe.

Faida ya pili ni th na dh. Lugha chache duniani zina sauti hizo mbili na sisi tunazo: "think" inaanza kama thamani, "this" inaanza kama dhahabu. Anayesema "sank yu" ana sauti nyumbani, hajaitoa kabatini.

Irabu ndizo deni letu. Tunazo tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo "cut", "cat" na "cart" zote tunazitamka "kat". Usizishughulikie zote kwa pamoja. Kwa mtu wa mapokezi anza na "leave" na "live": "When are you leaving?" ina i ndefu, midomo imetanuka. Ukiifupisha unamuuliza mgeni ataanza lini kuishi.

Zoezi lenyewe ni la kivuli, na makosa yake ya kawaida ni kuchukua sauti ndefu mno. Chukua sekunde 20 tu. Sikiliza mara tatu bila maandishi, andika ulichosikia hata kama ni kwa tahajia ya Kiswahili. Fungua maandishi, pigia mstari palipotofautiana. Hapo ndipo sikio lina tundu. Kisha sema pamoja na msemaji, pamoja naye kabisa na wala si baada yake, mara kumi. Akikushinda, punguza kasi mpaka 0.75. Usishuke 0.5, inavuta irabu na mdundo unakufa, na mdundo ndio ulioufuata. Mwisho jirekodi mara moja na usikilize sauti mbili moja baada ya nyingine. Dakika 15. Kipande hicho hicho kirudie siku tatu ndipo ubadilishe.

Kwa bando: BBC Learning English wana kipindi cha "6 Minute English", unapakua sauti peke yake na maandishi yapo. Sauti ya dakika 6 kwa 128 kbps ni kama MB 6, kwa hiyo MB 60 zinakupa vipindi kumi, na kipindi kimoja kina vipande vya kutosha wiki mbili. Watangazaji wa pale wanaongea wazi kuliko mtu wa mtaani, kwa hiyo baada ya mwezi hamia mahojiano ya kawaida. Ukipata Wi-Fi, ingia YouGlish, andika "hang on a second", uchague Uingereza au Marekani; inakuletea video za watu tofauti wakisema maneno hayo hayo. Watu kumi wakitamka kitu kimoja, sikio linaacha kutegemea sauti ya mwalimu mmoja.

DawatiLaTatu

Vipande visipohifadhiwa vinavuja. Tumia AnkiDroid, programu ya simu ya kadi za kukariri (swali mbele, jibu nyuma), ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Kosa namba moja ni kuweka neno la Kiingereza mbele na tafsiri nyuma. Kadi ya namna hiyo inakufundisha kusoma. Mbele andika hali kwa Kiswahili: "Mgeni anauliza kama teksi imefika. Huna uhakika, unakwenda kuangalia." Nyuma: "Let me just check for you." Jibu kwa sauti kabla ya kugeuza, ukijibu kimoyomoyo, siku ya siku mdomo utagoma.

Kadi mpya 5 kwa siku, zisizidi. Ukiweka 20 kwa shangwe ya wiki ya kwanza, baada ya wiki chache kila asubuhi unakuta marudio zaidi ya mia yanakusubiri, na hapo ndipo watu wanapoifuta programu.

Gawa vipande mafungu mawili: vya kusema na vya kusikia tu. "Gonna" ya kwenye maongezi ya haraka ni sawa kuisikia, "innit", "y'all", "mate" na "bro" vivyo hivyo. Mhudumu anayemwambia mama wa miaka sitini "What's up, bro" amejifunza Kiingereza cha kila siku cha mtu mwingine.

Fungu la kusikia lina mitego michache ya lazima. Unamuuliza mgeni kama anataka chai zaidi, anajibu "I'm good" au "I'm fine". Maana yake hataki. Usimmiminie. Mwingereza akikuambia "You all right?" asubuhi, hakuoni mgonjwa, anakusalimia, jibu "Yeah, good, thanks. You?" "Not bad" yake ni nzuri kabisa. Na "Do you mind if I sit here?" inataka "No, go ahead". Ukijibu "Yes" kwa ukarimu wote, umemfukuza.

Mwenzake wa mtego huo ni swali la kukanusha. "You don't have a room?" Kwa Kiswahili unasema "Ndiyo, hatuna", unaafiki alichosema. Kwa Kiingereza jibu linafuata ukweli wa jambo na haliangalii swali lilivyoulizwa: "No, we don't." Ukisema "Yes" peke yake, mgeni anashusha begi.

Njiapanda88

Wakuu, hii ni darasa kamili. Nimeandika sentensi tano za kila siku kama zinavyotoka, naomba mzichane bila huruma.

1. "Sorry for the journey. You are welcome in our hotel."
2. "The breakfast is from seven. Even children they eat for free."
3. "The water has cut. It will return after one hour."
4. "Your husband? She has gone to the beach."
5. "Let me escort you to your room."

FundiLugha

Ya kwanza: "Welcome! How was your trip?" Ukitaka kutaja hoteli ni "Welcome to" na jina lake. Maneno yamepungua na joto limeongezeka.

Ya pili: "Breakfast starts at seven, and kids eat free." "Even children they" ni "hata watoto wana-" iliyohamia na kiambishi chake, Kiingereza hakitaki mtenda atajwe mara mbili. Hapo hapo kwenye saa, angalia sana. Saa moja asubuhi ndiyo "seven", saa nne asubuhi ndiyo "ten". Mdomo ukiwa umechoka unatoa "four" na mgeni anakosa gari. Kila miadi iandike kwa mtindo wa 10:00 kwenye karatasi, isome kutoka kwenye karatasi, na mpe mgeni karatasi hiyo.

Ya tatu: "The water's off at the moment. It should be back in about an hour." Ona "should be" na "about". Ukisema "It will return" umeahidi, na maji hayakukusikia. "After one hour" nayo inamaanisha wakati wowote baada ya saa hiyo kupita. "In an hour" ndiyo saa moja kutoka sasa.

Ya tano: "Let me show you to your room." "Escort" inaleta picha ya askari. Kumsindikiza mgeni mpaka nje ni "I'll walk you out".

Ya nne ni ugonjwa wa wote tuliokulia kwenye "a-" isiyojali mume wala mke. Kuijua kanuni hakusaidii, kila mtu anaijua. Dawa ni mdomo: chukua picha yoyote yenye mwanamume na mwanamke, sema sentensi 10 mfululizo za yule mwanamume, 10 za mwanamke, kisha 10 ukiruka kutoka mmoja hadi mwingine. "He's wearing a hat. She's looking at his hat." Dakika 3 kwa siku. Ukianza kujisahihisha mwenyewe kabla sentensi haijaisha, jua umeshafika katikati ya njia.

kipimajoto

Nakubaliana na mengi, ila tusimfanye mwenzetu aone haya kwa Kiingereza cha huku kwetu. "Even me I think so", "isn't it?" mwisho wa kila kitu, "Sorry!" mtu akijikwaa: Kenya, Uganda na Tanzania vinaeleweka, na mgeni akikaa siku mbili navyo anavizoea. Havivunji kitu. Vinavyovunja ni vile vinavyobadilisha maana bila mtu kujua: "yes" ya swali la kukanusha, saa, "can" na "can't", "I'm coming", "he" na "she". Kwa dakika 30 kwa siku, ningemaliza hivyo vitano kwanza, mwezi mzima, kabla ya kugusa ladha.

Kuhusu kipimo, ambacho hakuna aliyekijibu. Kila Jumamosi jirekodi dakika 2 kwa hali ile ile, mfano kumpokea mgeni aliyechelewa usiku. Usisome popote. Hesabu vitu vitatu: umenyamaza mara ngapi kwa zaidi ya sekunde 2, umeteleza mara ngapi kwenye "he" na "she", na vipande vingapi vya wiki hiyo vimetoka vyenyewe. Kwa sikio, chukua sekunde 60 za mahojiano usiyowahi kuyasikia, andika, linganisha na maandishi, hesabu maneno uliyopata. Namba hizo nne ziweke kwenye daftari. Wiki mbili za mwanzo hazisogei kabisa, na wanaoacha wengi huacha hapo.

Ukikosa mtu wa kuongea naye, roboti za mazungumzo zinafaa, na kwa maandishi hazili bando. Shida zake ni mbili: zinajibu aya ndefu za kitabu, na zinakusifu hata ukikosea. Zifunge kamba tangu mwanzo. Iambie hivi: wewe ni mgeni kutoka Manchester, umechoka, chumba hakina maji ya moto, jibu kama mtu anavyoongea, maneno yasizidi 12, usinisahihishe mpaka zamu yangu ya sita, kisha rudia kila sentensi yangu pamoja na jinsi mhudumu wa hoteli ya London angeisema, na usinisifu. Zile zinazotofautiana sana ndizo kadi zako tano za kesho.

Njiapanda88

Nimepata. La mwisho: mgeni akilalamika kwamba maji ya moto hakuna, "No worries" inafaa? Naisikia sana kwa Waingereza.

FundiLugha

Hapana. "No worries" anasema aliyeombwa radhi au aliyeshukuriwa. Mwenye shida ni yeye, ukiisema wewe umemwambia shida yake ni ndogo. Hapa ndipo "sorry" inapokaa sawasawa, kwa sababu kosa ni la hoteli: "I'm so sorry about that. Let me get someone up there right now." Kisha mpigie fundi simu akiwa bado anakuona.

Mwambao

Na "sorry about that" ni SO-ri-a-bau-dhat. Uzito mwanzo.